Maayari wa Kijiwe cha Mtanda

Nimestaafu kazi ya utangazaji nikiwa na miaka ishirini na saba, meno yote yapo na mgongo hauniumi. Nilimweleza Bi Somoe, mkuu wa redio yetu ya jamii hapa Lindi, kwamba neno "kustaafu" pengine halimfai mtu wa umri wangu anayehamia Kilwa kufundisha historia sekondari, na kwamba labda tuseme nimeacha kazi, au nimehama, au mkataba umekwisha. Bi Somoe akajibu kwamba mtu yeyote anayetoka redioni kwa miguu yake mwenyewe bila kufukuzwa, huyo amestaafu, na mimi ndiye wa kwanza. Kisha akaniagiza niandike kumbukumbu zangu kwa ajili ya vijana watakaokalia kiti changu. Vijana wenyewe ni wawili, na mmoja ananizidi umri. Niliuliza kama huyo nimwandikie sehemu yake kwa heshima zaidi. Bi Somoe akaniambia nikaandike.

Kuhusu vyeo sina la kusema: niliingia mtangazaji, nikatoka mtangazaji. Kuhusu mshahara, Bi Somoe atasoma haya kabla yenu.

Siku ya kwanza nilimkuta ofisini akinywa chai na muhogo wa kuchemsha. Alinitazama kuanzia viatu.

"Ulisomea nini chuoni?"

"Historia, mama. Utafiti wangu ulihusu maayari wa Uajemi wa kale."

"Ndio nani hao?"

"Vikundi vya udugu, mama. Vijana wa mjini. Wahuni."

"Wahuni."

"Waungwana, lakini wahuni. Walikuwa wakiiba, ingawa si wote, na si wakati wote, na wapo wataalamu wanaosema kwamba hata neno kuiba hapa..."

"Sauti unayo," Bi Somoe alisema, akamalizia kipande cha muhogo. "Kuifunga ndiyo hujui. Utaanza leo saa kumi alasiri. Waambie watu habari za hao wahuni wako."

Studio mtaizoea. Maikrofoni imevikwa soksi nyeusi ili herufi "p" isipige kama mlango. Nilimwuliza Fundi Ausi, fundi mitambo wetu, kama soksi ile ilikuwa safi. Akasema anaivua kila mwaka mpya. Vile visikilizi vya kichwani hutoa sauti sikio la kushoto peke yake, kwa hiyo msishangae mkijisikia nusu. Feni izimwe kabla ya kuwasha maikrofoni, la sivyo wasikilizaji wa kijiji cha Sudi watadhani mnatangaza mkiwa kwenye boti. Haya yote nilifundishwa na Fundi Ausi, na kila alichonifundisha nilikiuliza tena, naye kila mara alijibu kwa maneno machache kuliko mara iliyotangulia.

Kosa langu la kwanza hewani lilikuwa salamu. Usiku kucha nilikuwa nimefikiria: wasikilizaji wetu wengi ni watu wazima, na mtu mzima huamkiwa. Lakini wamo watoto, na mtoto akiamkiwa shikamoo na mtu mwenye shahada, atajiona nani? Basi taa nyekundu ilipowaka nikasema, "Shikamooni nyote mlionizidi umri," kisha nikanyamaza ili waitikie. Niliona ni utovu wa adabu kuendelea kabla watu hawajamaliza kusema marahaba. Nikawapa nafasi na wale wanaoongea polepole. Fundi Ausi, nyuma ya kioo, alidhani mtambo umekufa, akaanza kuchomoa nyaya. Alipozirudisha nilikuwa nimefikia kundi la wale tuliolingana umri.

Kipindi kilihusu maayari, na kwa kuwa ninyi mtakirithi, niwape kiini chake. Katika miji ya Uajemi ya zamani, na hata Baghdadi, palikuwa na vijana, wengi wao mafundi na watu wa sokoni, waliojiunga kwa kiapo. Dola iliwaita majambazi. Mitaa yao iliwaita waungwana. Walivamia misafara ya matajiri na walilinda wajane, mara nyingine wiki hiyohiyo. Anayejiunga alikunywa maji ya chumvi kutoka kikombe kimoja na wenzake, akafungwa mshipi kiunoni, akavishwa suruali ya udugu. Sheria zao zilikuwa chache: ukisema utatenda, utende, usimdhuru mtu uliyekula chumvi yake, usiseme uongo. Wasimulizi wa kule waliwapenda kupita kiasi. Katika hadithi zao ayari hupanda ukuta kwa kamba, humtilia mlinzi dawa ya usingizi, humbeba mkubwa wa mji ndani ya gunia, na kukikucha huenda mwenyewe barazani kusema, ndimi niliyemchukua. Neno lao limefika mpaka kwetu. Kwa Kiswahili ayari ni laghai, mtu wa hila. Nadhani neno lilivuka bahari na ile sifa nzuri ikabaki bandarini.

Tatizo langu lilikuwa kusimulia. Nikisema ayari aliingia dirishani, moyo unanisuta, maana yapo masimulizi mengine yanayosema aliingia kupitia darini, na msikilizaji ana haki ya kujua. Siku moja mama mmoja alipiga simu kutoka Sudi.

"Mwanangu, huyo mtu ameingia dirishani au hajaingia?"

"Shikamoo mama. Inategemea tunafuata masimulizi gani."

"Marahaba. Mimi nafuata samaki wangu yuko jikoni anaungua. Ameingia?"

"Ameingia, mama."

"Haya, asante," akakata simu.

Fundi Ausi aliniambia baadaye kwamba yule mama amenifundisha kazi yote ya utangazaji bure. Tangu siku ile, nikianza kueleza mno, yeye hupitisha kidole shingoni nyuma ya kioo, na mimi humwingiza mtu dirishani.

Sasa niwasimulie shauri gumu kuliko yote niliyokutana nayo. Lilikuja kwa miguu, likiwa limevaa kofia ya pikipiki.

Aliitwa Mfaume. Alikuwa mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda pale Mtanda, na wenzake walimwita Risasi, jina lililomwelezea vizuri mpaka pale anapoahidi kufika. Aliketi mbele yangu, kofia bado kichwani.

"Kaka, hao jamaa zako wa Uajemi. Walikuwa wahuni kweli, na bado watu wakawaamini?"

"Kwa kiasi fulani, katika baadhi ya miji..."

"Waliaminiwa au hawakuaminiwa?"

"Waliaminiwa."

"Basi hiyo ndiyo dawa yangu."

Alikuwa anataka kumwoa Zuhura, fundi cherehani wa palepale Mtanda. Zuhura mwenyewe hakuwa na neno baya. Mwenye neno alikuwa baba yake, Mzee Chande. Wakati fulani huko nyuma Mzee Chande alimpigia Mfaume simu ampeleke kituo cha mabasi kuwahi harusi ya mpwa wake Mtwara. Mfaume akamwambia, "Nipo kona hapa, mzee, nakuona." Alikuwa Mingoyo, nje kabisa ya mji. Mzee alisimama mlangoni na begi lake mpaka basi likaondoka, na alipofika Mtwara kwa gari la baadaye alikuta masufuria ya pilau yanaoshwa. Tangu hapo alikuwa akisema kwamba binti yake hatamtoa kwa mtu wa "nipo kona." Na palikuwa na mwanamume mwingine, wa Sudi, mwenye boti ya mashine, aliyekwisha kuleta salamu za posa.

"Kwa hiyo," Mfaume akasema, "tunataka kuanzisha udugu pale kijiweni. Wa kutosema uongo. Wewe utakuwa mlezi."

Nilimweleza hatari zote nilizoweza kuziona, na nyingine nilizibuni palepale. Akanishukuru, akasema nifike Jumamosi.

Chumvi haikuwa tatizo. Hii ni Lindi, chumvi inatoka hapohapo mashambani, na Bakari, dereva mwenye kucheka hovyo, alileta mfuko mzima. Nilimwuliza kila mmoja kama ana presha kabla hajanywa. Salumu, ambaye ni mtu wa taratibu na husema kidogo, alijibu kwamba hana, ila akiendelea kuulizwa ataipata. Walikunywa kwenye kikombe kimoja cha plastiki. Bakari alisema kwamba kama Waajemi walikunywa hivi kwa hiari, basi walikuwa majambazi kweli.

Suruali ndiyo iliyoleta mjadala. Sikuwa na hakika na mshono wake. Nilichora aina kadhaa na kuandika faida na kasoro za kila moja, na Mfaume akaichukua ile pana kuliko zote kwa sababu ilikuwa juu ya rundo. Alizipeleka kwa Zuhura. Kitambaa alichokuwa nacho cha kutosha kijiwe kizima kilikuwa cha mapazia: rangi ya maziwa, maua mekundu ukubwa wa sahani.

"Hizi za ngoma?" Zuhura aliuliza.

Mfaume alikuwa amekwisha kula kiapo. "Hapana. Ni za kutosema uongo."

"Basi utahitaji mbili," Zuhura akasema, akaendelea kukata.

Wiki ya kwanza, suruali ya Bakari iliingia kwenye mnyororo wa pikipiki mbele ya msikiti, na ikabidi waumini wamchomoe. Baada ya hapo walifunga vifundoni kwa mipira ya baiskeli. Mimi nami nilipewa yangu kama mlezi. Niliivaa chini ya mashuka nyumbani, kwanza, kuona nitakavyojisikia.

Lakini kiapo kilishika. Mteja akipiga simu kuuliza, "Upo wapi?" alijibiwa, "Nipo kitandani, shemeji, na sijaanza kufikiria kuamka." Akiuliza kama pikipiki ni nzima, aliambiwa breki ya nyuma imechoka ila ya mbele ina imani. Mwanzoni watu waliudhika, wengine wakaona wanatukanwa. Baadaye wakaanza kuja Mtanda kutoka vijiwe vingine, kwa sababu mtu akiambiwa dereva yuko kitandani, anapata muda wa kumalizia chai yake.

Ugumu ulikuwa kwa Bakari. Mwenye pikipiki ya Salumu alikuwa akija kijiweni kumtafuta, maana Salumu alimwahidi kumbeba shemeji yake na kila siku akajificha. Bakari akiulizwa kama Salumu yupo, kiapo kilimlazimu aonyeshe kwa kidole. Walikuja redioni wote wawili, wamenuniana.

"Kaka mlezi, hakuna nafuu hapo?" Bakari aliuliza. "Hao wenzetu wa Uajemi walifanyaje?"

Kwa bahati mbaya nilijua walivyofanya. Ni fumbo ambalo maayari walipenda kuulizana. Umekaa njiani, mtu anapita mbio. Nyuma yake anakuja mwingine na upanga, anakuuliza, amepita hapa? Ukisema kweli unamuua mtu. Ukisema uongo unavunja kiapo. Jibu lao: sogea kidogo kutoka pale ulipokuwa umekaa, ukae upya, kisha useme, "Tangu nimekaa hapa, hajapita mtu."

Nilisimulia fumbo hilo hewani Alhamisi, na nikarudia kwamba ni la kufikirisha, si la kutumia. Nilirudia sana mpaka Fundi Ausi akakata shingo yake kwa mikono miwili. Ijumaa asubuhi nilipita kijiweni nikakuta benchi zima linasogea kama treni. Mwenye pikipiki alikuwa amesimama mbele yao.

"Salumu yuko wapi?"

"Tangu nimekaa hapa sijamwona," Bakari akasema, na Salumu nyuma ya nguzo ya umeme akajifunga vizuri mpira wa suruali.

Ndipo Mzee Chande akaleta neno. Alisema amesikia kuwa yule kijana wa kona amebadilika. Hakuamini, lakini hakutaka kudhulumu mtu. Washenga waje Ijumaa inayofuata baada ya sala ya alasiri, mara moja tu. Atawauliza. Akisikia uongo mmoja, jibu lake linakwenda Sudi.

Wazee wa Mfaume wako Liwale, na mjomba aliyepaswa kuongoza posa aliugua jino siku ileile. Basi Mfaume akatutuma sisi: Bakari, Salumu, na mimi nikiwa msemaji kwa sababu ya shahada. Nilimwambia mshenga kwa desturi ni mtu aliyeruhusiwa na jamii nzima kuongeza chumvi, na sisi ndio watu pekee Lindi tuliojinyima ruhusa hiyo. Mfaume akanishika mabega.

"Kaka, nenda tu. Mimi nitakaa hapa kijiweni. Nikienda nyumbani nitalala na nikilala nitaota yule wa Sudi."

Tulikwenda na makoti juu na suruali za udugu chini, maana kiapo kilitaka zivaliwe kwenye jambo zito. Tulipofika barazani kwa Mzee Chande nikaona pazia la mlango. Rangi ya maziwa. Maua mekundu ukubwa wa sahani.

Mzee Chande akatazama suruali, akatazama pazia, akarudi kwenye suruali.

"Shikamoo mzee," tukasema.

"Marahaba. Karibuni mkekani. Naona nusu yenu imekwisha kuingia ndani."

Nyuma ya pazia mwanamke akacheka, akazibwa mdomo. Mzee alianza bila kuchelewa.

"Mwenzenu anasali?"

"Ijumaa hakosi, mzee," Bakari akasema.

"Na siku nyingine?"

Bakari akajiinua, akahamia kulia kwa upana wa makalio yake, akatulia. "Tangu nimekaa hapa, mzee, sijamwona akikosa sala."

Mzee Chande alitikisa kichwa polepole. "Anavuta?"

Ilikuwa zamu ya Salumu, na ili asogee ilibidi anisukume mimi. "Tangu nimekaa hapa, sijamwona na sigara."

"Amewahi kupindua abiria?"

Bakari akasogea tena, Salumu akasogea kumpisha, nami nikajikuta nje ya mkeka, juu ya saruji. Akili yangu ilikuwa imekwisha kwenda mbali. Je, hii ni kweli au ni uongo uliokaa vizuri? Wataalamu hawakubaliani. Wapo wanaoona lile fumbo ni sifa ya ayari na wapo wanaoona ni dosari yake, na mimi kwenye utafiti wangu niliandika kwamba suala hili linahitaji uchunguzi zaidi. Sikujua kwamba uchunguzi wenyewe utafanyika nikiwa nimekaa kwenye saruji.

"Msomi," Mzee Chande akaniita, "mbona umekaa chini?"

"Nafasi, baba."

"Upande huu mkeka mzima uko wazi."

"Nauona, baba."

"Kuna siafu hapo?"

"Hapana, baba."

Mzee akajinyoosha. "Mimi nina jirani anayesikiliza redio kwa sauti kubwa. Siipendi, lakini ukuta ni mmoja. Alhamisi ile nililazimika kusikia habari za mtu mmoja na upanga."

Akatuonyesha mkeka kwa kidole.

"Sasa rudini mlipokuwa mmekaa mwanzo."

Tukarudi, mmoja baada ya mwingine, kwa makalio, mpaka kila mtu akawa pale alipoanzia.

"Atakayesogea tena, posa imekwisha. Bakari. Siku nyingine anasali?"

"Alfajiri anasali akiamka, mzee."

"Huwa anaamka?"

"Si sana."

"Salumu. Anavuta?"

"Aliacha." Salumu akafikiri. "Halafu akaacha tena."

"Amepindua abiria?"

"Mmoja. Alikuwa amebeba magodoro."

"Akaumia?"

"Aliangukia magodoro."

Nyuma ya pazia kicheko hakikuzibika tena, na sauti ya shangazi ikasema, "Subhanallah, nyamazeni nisikie." Mzee Chande hakucheka. Alinigeukia mimi, na niliona kwamba yale mengine yote aliyauliza kwa ajili ya kupasha moto tu.

"Wewe ndiye uliyewafundisha. Nataka jibu lako. Huyu kijana akimwambia binti yangu, 'nipo kona', atakuwa kona?"

Vijana wenzangu, mtu akisomea jambo miaka mingi hufikiri kwamba siku akiulizwa atakuwa na la kusema. Mimi nilikuwa na mengi mno. Nilitaka kusema inategemea kona ipi. Nilitaka kueleza tofauti ya ahadi na matarajio. Nilimtazama Bakari, akatazama maua ya suruali yake. Nilimwaza Mfaume pale kijiweni, kofia kichwani. Nikafungua mdomo, na nadhani nilimwona Fundi Ausi mahali fulani hewani akipitisha kidole shingoni.

"Siwezi kukuhakikishia kuwa atakuwa kona, baba. Zamani alisema yuko kona ili usimkasirikie. Siku hizi anasema yuko mbali, na wewe unamkasirikia palepale, na muda wa kutafuta usafiri mwingine unakuwa bado upo."

Mzee Chande akatazama upande wa barabara, kule ambako, nadhani, alisimama na begi lake siku ile.

"Usafiri mwingine ulikuwepo," alisema. "Palikuwa na gari la jirani. Liliondoka nikimsubiri." Akapangusa magoti yake. "Zuhura."

"Abee, baba."

"Umewasikia?"

"Nimewasikia."

"Unasemaje?"

Kwa desturi yetu binti akiulizwa hivyo hunyamaza, na kunyamaza ndilo jibu. Tulitega masikio kuusikia ukimya. Pazia likasogea, akatoka Zuhura mwenyewe, sindano bado imechomekwa begani kwenye nguo.

"Wewe Zuhura, nyamaza mwanangu," shangazi alisema kwa ndani. "Kunyamaza ndiyo kukubali."

"Nitanyamaza nikimaliza, shangazi." Akatugeukia sisi. "Yeye ameletwa na kasoro zake zote hapa barazani. Mpelekeeni na zangu. Mwambieni wali wangu unashika ukoko kila siku na sioni ubaya wake. Nikikasirika sisemi na mtu mpaka keshokutwa. Cherehani yangu inakuja na mimi, itakaa sebuleni, na wateja wataingia hapohapo. Na hilo jina la Risasi likome kijiweni. Mwambieni hivyo, msipunguze." Akarudi ndani, na tukasikia kiti kikivutwa.

Tulisubiri. Hakusema zaidi.

"Sasa amenyamaza," Mzee Chande alisema. "Jibu mnalo, ila lina mzigo. Upelekeni wote. Akiukataa, nami nijue mapema."

Njiani tuligawana ili pasipotee kitu: Bakari alibeba wali, Salumu hasira, mimi cherehani na lile jina. Nilikariri mpaka nikaogopa kwamba kwa kukariri nitayabadilisha, nikaanza kukariri nisikariri sana. Kilichonitisha zaidi ni kuwa sasa mambo yalikuwa mikononi mwa Mfaume, ambaye maisha yake yote alikuwa akijibu upesi na kufika baadaye.

Tulimkuta amekaa juu ya pikipiki iliyozimwa. Bakari akatoa wali, Salumu akatoa hasira. Nami nikatoa ya kwangu, neno kwa neno, mpaka kwenye "likome kijiweni." Mfaume akavua kofia, akaiweka kwenye tanki, akaitazama muda mrefu hivi kwamba nilianza kuandaa kichwani maneno ya kumfariji, na maneno mengine endapo yale ya kwanza yatamuudhi.

"Cherehani yenyewe," akasema, "ya mkono au ya miguu?"

Tukatazamana.

"Hatukuuliza," nikasema.

"Mnakwendaje posa hamuulizi? Ile ya miguu ina meza chini. Mlango wa sebule yangu mwembamba." Alikwisha kushuka, akaichukua kamba ya kufungia mizigo kwenye pikipiki ya Bakari. "Nendeni mkaulize. Mimi nakwenda kupima."

Tukageuza. Mzee Chande alikuwa bado barazani, anakunja mkeka. Alipotuona akasimama nao mkononi, na uso wake ukaingiwa na kitu ambacho sikukitarajia kwa mtu aliyetuuliza maswali yale. Alikuwa na hofu.

"Amekataa?"

"Hapana, baba. Anauliza kama cherehani ni ya mkono au ya miguu. Anapima mlango."

Mzee akautua mkeka. Sauti ya Zuhura ikatoka ndani, karibu sana na pazia, kana kwamba hakuwahi kurudi kwenye kiti.

"Ya miguu. Mwambieni mlango ukiwa mwembamba, abomoe."

Nilifungua mdomo kuuliza kama alimaanisha mlango wote au fremu tu, kwa sababu nyumba ya kupanga ina mwenyewe. Mzee Chande akaniwekea mkono begani.

"Msomi," alisema, "lipeleke hivyohivyo. Usitie maelezo."